Msiba wa Usingizi Bondeni Umwe

Kila jioni, kabla ya kuingia ndani, Mwanamina binti Mwinyimvua huzunguka nyumba yake na kushika komeo la kila mlango. Akishamaliza hurudi kuyashika tena. Banda la kuku, choo, chumba cha uani anamoweka magunia ya korosho, kote hupita. Binti yake Zaitun akiwa nyumbani humchungulia dirishani na kumwambia, "Mama, mlango haujakimbia."

Watu wa Umwe, huku Rufiji, wanamjua hivyo. Pikipiki ngeni ikipita, ukitaka kujua imeelekea wapi, muulize Mwanamina. Si kwamba ni mmbea. Ni woga, na woga huo una asili yake. Kwao ni Mtawanya, upande wa Kibiti, na ile miaka ya mauaji, ambayo watu wa huku hawaiiti kwa jina, husema tu "wakati ule", ilimkuta akiwa kwao anamuuguza mama yake. Watu walikuwa wakifunga milango jua likiwa bado juu ya minazi. Wakati ule ulipita, barabara ikajaa tena mikokoteni na watoto wa shule, lakini mkono wake haukuacha kutafuta komeo. Na hapa Umwe kulibaki desturi moja: mgeni akija kutafuta kazi, mwenyeji wake humpeleka kwa mwenyekiti na kutamka mbele yake kwamba mtu huyu ni wangu, likitokea lolote niulizeni mimi. Mgeni anakaa kwa ulimi wa mwenyeji wake.

Mumewe Hemedy yuko Dar es Salaam, analinda ghala la mtu. Hurudi sikukuu, na mara chache katikati. Akirudi, siku ya kwanza yote hulala, na Mwanamina hushinda akiwafukuza kuku chini ya dirisha wasimwamshe. Mtu akipita akauliza, "Bado kalala tu?" Mwanamina humjibu kwa ukali, "Amelala kwa sababu huko hakulala. Wewe ulidhani ulinzi ni kukaa kwenye kiti?"

Kinachoendesha nyumba hiyo ni shamba la mpunga bondeni, karibu na mto. Hapo ndipo alipoijua dunia. Ingawa alizaliwa Mtawanya, kila msimu mama yake alikuwa akiteremka na watoto wake wote kwa ndugu zake wa Umwe, wakakaa dunguni mpaka mavuno yaishe. Dungu ni kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo ndefu, sakafu ya fito, paa la makuti, na ngazi ya miti ya kupandia. Wazee wanasimulia kwamba zamani watu waliishi bondeni humo humo, mpaka serikali ilipowahamishia juu kwenye vijiji, na tangu hapo mashamba yamelindwa na watu wanaopanda na kushuka. Kwa Mwanamina dungu ni utoto. Ni kambale wa kuchoma, ni kupiga debe tupu kuwafukuza nguruwe pori, ni mama anacheka gizani. Hajapata kukaa mahali pazuri kama pale.

Kwa hiyo mwaka huu, alipowapata wavunaji kutoka bara, aliwapa dungu kwa moyo mweupe kabisa. Siku hizi vijana wa Umwe wako mjini wanaendesha bodaboda, na kule kusaidiana kwa zamu, leo kwako kesho kwangu, kumebaki kwenye harusi na misiba. Mpunga unavunwa na watu waliotoka mbali. Hawa walikuwa mtu na mkewe, Gaudens na Winifrida, Wanyamwezi wa Urambo. Watoto wao waliwaacha kwa bibi, msimu wa tumbaku ulipoisha wakafuata barabara na sufuria yao na redio yao. Mwanamina aliwapeleka kwa mwenyekiti, mzee Mshamu, akasema maneno yanayotakiwa kusemwa. Kisha akawaonyesha dungu.

"Hapa mtakaa bure," alisema. "Sitaki chochote."

Gaudens aliinua uso akalitazama. "Mama, ninyi watu wa Pwani zamani mliwalaza babu zetu chini. Leo mnatulaza juu. Maendeleo hayo!"

"Babu zenu walikuja huku na mizigo ya watu vichwani," Mwanamina alimjibu papo hapo. "Ndiyo maana shingo zenu fupi."

Wakacheka wote watatu, maana watu wa Pwani na Wanyamwezi ni watani tangu siku hizo za misafara. Mtani hukutukana, hukuchukulia kitu chako, hukuvurugia shughuli, nawe huna ruhusa ya kukasirika.

Zaitun alikuja likizo mavuno yakiwa yameanza. Anasoma chuo kikuu Dar es Salaam, mambo ya jamii, na mama yake humwangalia kwa jicho la wasiwasi. Anaogopa maneno anayokuja nayo, anaogopa atayasema mbele ya watu wasiofaa. Mchana mmoja walikuwa wanamenya muhogo uani.

"Mama, hivi Gaudens na mkewe kule dunguni wanalala au wanalinda?"

"Wanalala huku wanalinda."

"Nguruwe wakija?"

"Unaamka, unapiga debe, unalala tena. Mimi nimekulia huko."

"Wewe ulikuwa unalinda mpunga wa nani?"

"Wa mama yangu."

"Na wao wanalinda wa nani?"

Mwanamina aliweka kisu chini. "Hayo ndiyo mnayosoma?"

"Ndiyo hayo. Kuna Mjerumani mmoja wa zamani alichunguza sana habari za wafanyakazi. Alisema mwenye mali hapati faida kwa kazi anayoilipia. Anapata kwa ile asiyoilipia."

"Mjerumani?"

"Mjerumani."

"Wenzake walikuja huku wakawalimisha babu zetu wa Umatumbi pamba kwa kiboko. Yeye alikuwa wapi asiwaambie hayo?"

"Alishakufa, mama."

"Basi alikufa mapema."

Zaitun alicheka mpaka muhogo ukamtoka mkononi. Lakini hakuliachia jambo lake. Alisema anayeumia zaidi siku zote ni yule aliyetoka mbali, iwe Ulaya, iwe Uarabuni, iwe hapa. Hana ndugu wa kumsemea, na ruhusa yake ya kukaa iko mfukoni mwa yule yule anayemfanyisha kazi. Akisema amechoka anaambiwa rudi kwenu.

"Kwa hiyo mimi ni bepari?" Mwanamina aliuliza. Alipokuwa darasa la tatu kulikuwa na picha ukutani, mtu mnene mwenye kofia, amekaa juu ya migongo ya watu, anawafyonza kwa mirija. Watoto walikuwa wakimwimbia mtu huyo kila asubuhi kwamba atang'oka. Mwanamina alimwimbia kwa bidii. Aliinua mguu wake sasa, akamwonyesha binti yake kandambili iliyoshonwa kwa waya. "Bepari gani wa hivi?"

"Sikusema hivyo. Nimeuliza swali."

"Na hilo swali linasomeshwa kwa mpunga wa nani?"

Zaitun akainama, akaendelea kumenya.

Jioni moja baada ya hapo Gaudens alipanda kijijini peke yake. Alikaa kwenye kigogo cha mlangoni, hakuleta neno lolote la kuchekesha, na Mwanamina akajua kuna jambo.

"Mama Zaitun, leo sikuja kwa utani."

"Sema, baba."

"Tumechoka. Mchana tunavuna, usiku hatulali. Nguruwe wakiondoka anakuja kiboko, kiboko akienda wanarudi nguruwe. Jana mke wangu amejikata na kisu cha kuvunia kwa usingizi. Tunaomba baadhi ya siku tuje tulale huku juu, na shamba alinde mwingine. Hata hicho chumba cha korosho kinatosha."

Mwanamina aliona chumba cha uani, kisha akaona dirisha la Zaitun, hatua chache tu kutoka hapo. Wageni ndani ya ua wake. Woga wa wakati ule ukamrudia.

"Nimewapa nyumba bure," alisema. "Nimelala mle mle mimi, na mama yangu, na ndugu zangu."

"Mlikuwa wangapi kupokezana, mama? Na mchana mlikuwa mnavuna kwa saa za nani?"

Swali hilo lilimkera kwa sababu lilifanana na la binti yake. "Mwingine wa kulinda nitamtoa wapi? Mpunga umeiva, ukikaa unapukutika, na wanyama wakiingia usiku mmoja tu mwaka mzima nyumba hii haina chakula. Unalijua hilo, Gaudens. Na usisahau jambo moja. Uko hapa kwa maneno yangu. Nikienda kwa mzee Mshamu nikayarudisha maneno yangu, huna pa kukaa Umwe nzima."

Gaudens akainuka, akasema, "Nimesikia, mama," akashuka bondeni.

Mwanamina alipogeuka alimkuta Zaitun amesimama mlangoni na sahani mkononi. Hakusema habari za Mjerumani. Alisema tu, "Mama, umemtisha mtu," akaingia ndani. Usiku ule Mwanamina alishika makomeo mara nyingi kuliko kawaida, na yote yalikuwa yamefungwa.

Asubuhi aliteremka na chupa ya chai na mihogo ya kuchemsha, apoze mambo. Zaitun alimfuata nyuma. Mbali kidogo na shamba walisikia kilio. Ni kilio cha msiba, kile cha kuvuta sauti, na Mwanamina aliachia chupa ikaanguka majanini.

Kwenye njia ya kuingilia shambani mtu alikuwa amelazwa, kafunikwa khanga kuanzia kichwani hadi miguuni. Visu vya kuvunia vilikuwa vimetundikwa kwenye ngazi ya dungu. Winifrida, amevaa koti la mumewe nje ndani, alikuwa anajipiga kifuani.

"Uwiii! Kafa! Kafa akiwa bado kijana!"

"Nani kafa?" Mwanamina alipiga kelele. "Gaudens?"

"Usingizi, mama! Usingizi wetu umekufa! Tulitoka nao Urambo ukiwa mzima, mnene, unakoroma vizuri. Tumeufikisha kwa watani wetu wa Pwani, haukumaliza hata mwezi!"

Chini ya khanga tumbo la marehemu lilitikisika kwa kicheko. Zaitun aliziba mdomo kwa mkono. Mwanamina alikuwa bado anahema.

"Inuka, mjinga we! Nilijua umekufa kweli!"

"Haamki," alisema Winifrida. "Na hatutoi njia. Anayetaka kwenda kwenye mpunga amruke maiti."

Ndipo Mwanamina alipoelewa. Msibani watani huzuia jeneza, huingia kaburini wakajilaza, huvaa nguo za marehemu na kuigiza mwendo wake, na hawaondoki mpaka wafiwa watoe kitu. Hakuna anayethubutu kuwapiga. Lakini siku zote hufanya hivyo kwa mfu wa kweli. Hajapata kuona watu wanazika usingizi.

Winifrida hakuwa amemaliza. Alijifunga mtandio kichwani kama ushungi, akakunja uso, akaanza kuzunguka dungu akishika nguzo moja baada ya nyingine, akizitikisa, akirudi kuzitikisa tena. "Hii imefungwa. Hii imefungwa. Hebu nirudie, huenda imekimbia!"

Ilikuwa ni yeye mwenyewe, Mwanamina, mpaka mabega yake. Hasira ilimpanda, na kicheko kikaipita hasira hiyo kikatoka kwanza.

"Nani kakufundisha adabu hiyo?"

"Mtani wangu," alisema Winifrida, kisha akasimama, na sauti yake ikarudi kuwa ya kawaida. "Mama Zaitun, mumeo akikaa macho Dar es Salaam anaitwa mlinzi. Mume wangu akikaa macho hapa anaitwa mgeni aliyepewa nyumba bure. Nilitaka kukuuliza hilo tu, nikaona nikikuuliza kwa kawaida utatufukuza."

Kabla Mwanamina hajajibu, watu wakatokea wanakuja mbio. Mbele mzee Mshamu, pindo la kanzu kalishika mkononi, nyuma yake wanaume wawili na majembe. Kumbe mkata makuti mmoja alikuwa amepita alfajiri, akaona kwa mbali mtu kafunikwa na mwanamke analia, akapanda baiskeli moja kwa moja hadi kwa mwenyekiti: mgeni wa Mwanamina kafa bondeni.

"Innalillahi," alisema mzee Mshamu, anahema. "Imekuwaje?"

Gaudens akaketi. Khanga ikamtoka usoni. Mmoja wa wale wanaume alirudi nyuma akatupa jembe, akasoma bismillahi kwa sauti.

"Shikamoo mzee," alisema Gaudens, na safari hii hakuwa anacheka.

Mzee Mshamu hakuitikia. Mgeni kufa kijijini si jambo dogo Rufiji, na mgeni kujifanya maiti si dogo vile vile. "Nimeshampigia mtendaji wa kata," alisema polepole. "Nimemwambia kuna maiti. Sasa nimwambie nini? Kwamba wageni wanacheza na vifo, mahali kama hapa, baada ya yote tuliyoyaona?" Akamgeukia Mwanamina. "Mama Zaitun, wewe ndiye uliyeniletea hawa. Ulisema ni wako. Nijibu leo hapa: ni wako, au si wako? Kama si wako, wafungashe sasa hivi, niwapandishe gari mwenyewe."

Neno lile ambalo Mwanamina alimtishia nalo Gaudens jana yake sasa lilikuwa limeletwa miguuni pake, tayari, analiokota tu. Angesema "si wangu", yangekwisha. Ua wake ungebaki wake. Wavunaji wengine angewatafuta, huenda angewapata kabla mpunga haujamwagika, huenda asingewapata.

Alimtazama Winifrida. Yule mwanamke alikuwa ameshika ngazi ya dungu, kidole kimefungwa kitambaa, na macho yake yalikuwa mekundu, yamevimba kwa chini. Mwanamina aliyajua macho hayo. Ndiyo anayokuja nayo Hemedy siku ya kwanza, yale anayoyafukuzia kuku.

"Ni wangu, mzee," alisema. "Ni watani wangu. Na msiba upo wa kweli. Wamefiwa na usingizi, na aliyewaulia ni mimi."

Kisha mzee Mshamu akashusha kanzu yake. "Watani?"

"Wanyamwezi, mzee," alisema Gaudens.

"Walipomzika marehemu baba, watani walimkalia kaburini mpaka adhuhuri," alisema mzee, kama anajisemea mwenyewe. "Mmoja alivaa miwani yake." Uso wake ulilegea. "Basi kama ni watani, wana haki ya kuzuia njia. Na wewe, mama, ni wajibu wako kuwatoa. Wanadai nini?"

"Waulize wenyewe," alisema Mwanamina.

Winifrida alieleza. Hakuongeza wala hakupunguza. Kulinda kuhesabiwe kuwa kazi. Wakilinda usiku, mchana wapumzike mpaka jua lipande. Na siku nyingine mwenye shamba alinde mwenyewe, wao walale juu, mahali penye mlango.

"Chumba cha korosho nitakitoa magunia leo," alisema Mwanamina. Alifungua fundo la khanga yake, akatoa funguo, akachomoa mmoja. Ulikuwa mgumu kutoka, pete ilikuwa imeshika kutu. "Shika, mtani. Utafunga mwenyewe kwa ndani."

Winifrida aliupokea kwa mikono miwili. Gaudens alikunja khanga, akatoka njiani.

Mzee Mshamu alikuwa tayari na simu sikioni. "Mtendaji? Hapana, hakuna maiti. Ni utani... Ndiyo, utani, wa Wanyamwezi... Ndiyo, bado upo." Alipokata alimnyooshea Zaitun kidole. "Na wewe msomi, uko upande gani?"

"Wa wafanyakazi, babu."

"Vizuri. Leo unalinda na mama yako."

Jioni walipanda dunguni, mama na binti. Zaitun alikuja na kitabu na tochi. Kitabu hakikufunguliwa. Nguruwe walikuja mapema, wakapigiwa debe, wakaenda, wakarudi upande wa pili. Kiboko alikoroma karibu mpaka ngazi ikatetemeka, na Zaitun akamshika mama yake mkono kama mtoto mdogo. Mwanamina alikuwa anangoja ile furaha ya utotoni, kambale na kicheko cha mama gizani. Haikuja. Baridi ya fito ilimwingia mgongoni, na kwa mara ya kwanza alifikiri kwamba siku zile yeye alikuwa akilala, na mama yake ndiye aliyekuwa macho. Alifikiri pia juu ya wale wawili waliofunga mlango kwa ndani uani kwake, akangoja woga uje. Ulikuja, lakini mdogo, na debe likampa kazi nyingine.

Kulipopambazuka Gaudens na Winifrida walishuka njiani na visu vyao, nyuso zimenawiri, wakimletea Mwanamina chai iliyochemshwa jikoni kwake na Winifrida.

"Umelalaje, mtani?" aliuliza Winifrida.

"Nimelala?" Mwanamina aliteremka ngazi polepole, magoti yakilia. "Sikulala. Nilikuwa kazini."

Zaitun alikuwa bado juu, kajikunja pembeni ya debe, kitabu chini ya shavu. Mama yake alikuwa amemfunika khanga kabla ya kushuka; sasa naye akatandika mkeka kwenye kivuli cha dungu, akalala kabla chai haijapoa. Wavunaji waliingia kwenye mpunga. Baadaye alimsikia Gaudens kwa mbali, kama ndotoni, akimfukuza mtu aliyekuja kuuliza jambo.

"Njoo mchana. Bepari wetu kalala."

Mwanamina alitaka kumrudishia tusi linalomstahili. Lakini kope zilikuwa nzito, na hakuna aliyemwamsha.